Usingizi Bila Barakoa

Sulle alipovua barakoa yake, jambo la kwanza alilofanya ni kuziba mdomo kwa kiganja.

“Toa mkono,” Nakijwa alimwambia. “Humu hakuna wa kukucheka.”

“Naona haya, dada. Ni kama nimevuliwa suruali.”

Nakijwa alicheka ndani ya barakoa yake mwenyewe, akasubiri. Kazi yake ilikuwa kupima pumzi za watu katika zahanati ya Naruko, na haya ya namna hiyo alikuwa ameizoea. Vijana wa bonde lile walijuana kwa macho, kwa mwendo na kwa sauti. Mdomo wa mtu waliuona watu wa nyumbani kwake tu, wakati wa kula, ndani ya chumba kilichozibwa nyufa zote. Sulle alikuwa na miaka ishirini na tatu. Alivishwa barakoa ya kwanza akiwa na miaka minne, mwaka ambao Ziwa Naruko lilikauka mpaka chini na magadi yake yakaanza kupeperuka kama unga, yakiunguza vifua vya watu. Tangu hapo alikuwa akiivua kwa kula, kuoga na kupiga mswaki basi. Alisoma nayo, akacheza mpira nayo, akajifunza ufundi bomba nayo, na kila siku alilala nayo.

Mkono ulishuka. Ngozi ya kuzunguka mdomo ilikuwa imepauka, laini kama ya mtoto, na kidevuni kulikuwa na kishimo ambacho Nakijwa hakukitarajia.

“Kumbe kijana mzuri! Haya, vuta pumzi mpaka mwisho, kisha puliza humu kama unayewasha jiko la kuni mbichi.”

Sulle akapuliza. Mashine ikaandika lita tano na kidogo. Akapanda kwenye mashine ya kukimbilia, akakimbia dakika ishirini huku klipu imembana kidole, nayo ikawa inasoma oksijeni ya damu yake: tisini na saba, tisini na nane, tisini na saba. Dakika ya tatu alisema anaona kizunguzungu. Dakika ya tano kikamwisha. Kwa kila kipimo kilichokuwamo kwenye fomu, Sulle alikuwa mzima kuliko hao walioitunga.

“Nimefaulu?”

“Kaa pale nje kwenye benchi nusu saa bila barakoa, na klipu usiivue. Nikikuita tena nikakuta hali ni hii hii, nakuandikia cheti.”

“Niandikie vizuri, dada yangu. Tarehe kumi na tano natakiwa Singida kwenye ujenzi wa reli. Nisiporipoti siku hiyo, nafasi anapewa mwingine.”

Hakuwa na sababu ya kuogopa. Kwa miaka kumi na tisa watu wa Naruko walikuwa wakipanda majani yanayostahimili chumvi juu ya sakafu ya ziwa, mpaka majani yakaifunika yote na vumbi likatulia. Sasa vipima hewa vilivyokuwa juu ya nguzo vilikuwa vimesoma salama miezi minane mfululizo, na mradi wa barakoa ulikuwa unafungwa. Vijana mia nne wenye afya wangepewa cheti, wavue barakoa, waende wanakotaka. Wangebaki nazo wagonjwa sabini, wale waliokwisha kuunguzwa mapafu, ambao hata vumbi la kawaida la barabarani lingewaua. Udongo wa kutengenezea vichujio vya barakoa ulikuwa umekwisha kuchimbwa wote, hivyo vilivyokuwamo ghalani ndivyo hivyo hivyo. Kila kijana aliyevua barakoa alimwachia mgonjwa kichujio.

Kundi la kwanza la vijana kumi na wawili lilipimwa wiki iliyotangulia. Wote walifaulu, na Ijumaa wakaondoka juu ya lori, nyuso wazi, wakipunga mikono. Nakijwa ndiye aliyewasainia. Kundi la Sulle lilikuwa la pili, na likifaulu nalo, waliobaki wangeachiwa bila kupimwa.

Nusu saa ilipopita alitoka kumwita. Alimkuta amelala. Ilikuwa saa nane mchana, benchi liko kivulini, na kijana alikuwa ametoka zamu ya asubuhi. Nakijwa alinyosha mkono amwamshe, kisha akausitisha hewani.

Kifua cha Sulle kilikuwa hakipandi.

Alitazama vizuri, akidhani macho yake ndiyo yamekosea. Akaanza kuhesabu. Kumi. Kumi na tano. Midomo ikaanza kuingia rangi ya zambarau. Klipu ilikuwa ikishuka: tisini, themanini na sita, themanini na moja. Alipofika thelathini na nane, Sulle alivuta pumzi moja kubwa kama mtu aliyeibuka majini, akamung'unya midomo, akaendelea kulala. Akapumua vizuri kwa dakika moja hivi. Halafu kifua kikatulia tena.

Nakijwa akamtikisa bega kwa nguvu.

“Ehe! Nimelala?” Sulle alikaa, akijifuta mate. “Samahani, dada. Nimeota nimefungiwa ndani ya tangi la maji. Cheti tayari?”

“Bado,” Nakijwa alisema. “Vaa barakoa yako kwanza.”

*

“Fomu haina sehemu ya usingizi,” alisema Daktari Kisamo, mkuu wa zahanati. “Kwa nini ukampima amelala?”

“Sikumpima, daktari. Alilala mwenyewe. Ila wenzake kumi na mmoja nimewapima, jana na leo. Nimewalaza mchana mmoja mmoja. Wanne wako kama yeye.”

“Watano kati ya kumi na wawili.”

“Watano. Na wote wakiwa macho hawana kasoro hata chembe.”

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezika watu wengi wa bonde lile, na orodha ya wagonjwa sabini ilikuwa imebandikwa ukutani mbele ya meza yake ili aione kila anapoinua uso.

“Nieleze unavyoelewa wewe,” alisema.

Nakijwa akachukua barakoa ya akiba kutoka kwenye kabati, akaigeuza. Mbele ya mdomo kulikuwa na uwazi wa kutosha kuingia limau.

“Pumzi ukiitoa, nyingine inabaki humu. Ukivuta tena, unaanza kwa kuvuta yale mabaki yako mwenyewe, yenye hewa ukaa. Ni kidogo sana. Mtu mzima akivaa siku moja, wiki moja, haimfanyi kitu, na ndivyo vitabu vyote vinavyosema. Lakini hawa wamevaa miaka kumi na tisa, usiku na mchana, tangu wakiwa watoto. Damu imezoea ile hewa ukaa ya ziada. Na kinachomkumbusha mtu kupumua akiwa usingizini si kukosa oksijeni, daktari, wewe unajua kuliko mimi. Ni hewa ukaa kujaa. Sasa ukimvua barakoa, hewa ukaa inashuka, ubongo unaona bado haijafika kile kiwango ulichokizoea, unasema: subiri kwanza. Unasubiri. Na kijana hapumui.”

“Lakini mwisho anapumua. Mwili unamstua.”

“Mara nyingi. Kama ni mara zote, mimi sijui. Wewe unajua?”

Daktari aliichukua ile barakoa, akaingiza kidole kwenye ule uwazi.

“Dawa yake?”

“Kuwaachisha kidogo kidogo, kama mtoto anavyoachishwa ziwa. Saa moja ya usingizi bila barakoa, mwenzake amekaa pembeni anamhesabia na kumgonga akizidisha. Wiki ya pili saa mbili. Nadhani wiki kumi zitatosha. Na kwa kuwa hatuwezi kuwapima wote mia nne usingizini kabla mradi haujafungwa, itabidi waachishwe wote. Na barakoa tupu haisaidii, maana kichujio ndicho kinachoyazuia yale mabaki yasitoke, nacho baada ya wiki huanza kuziba kwa unyevu wa pumzi.”

“Wiki kumi, vijana mia nne, kichujio kimoja kwa wiki.” Daktari Kisamo alivaa miwani yake. “Vichujio elfu nne. Vilivyomo ghalani ni elfu kumi na nane. Wagonjwa wetu wangefika miaka mitano navyo. Wewe unawaondolea mwaka mmoja na zaidi.” Akaongeza kwa sauti ya chini, “Baba yako ni namba ishirini na sita kwenye orodha ile.”

“Najua namba yake.”

“Kamati ya mradi inakaa Jumamosi. Mimi sitakukataza kuandika, Nakijwa. Naomba tu, kabla hujaandika, ujue unaandika nini.”

*

Mzee Eliakunda alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, sinia la maharage mapajani, akichambua. Alikuwa dereva wa malori ya magadi zamani, kabla mtu hajajua kwamba kifua ni cha kufunikwa. Barakoa yake ilipiga mluzi kila alipovuta hewa.

“Baba, kuna jambo.”

“Sema. Lakini njoo upande wa sikio hili.”

Nakijwa akamweleza lote, kuanzia benchi la Sulle mpaka hesabu ya daktari. Mzee hakuacha kuchambua. Alitupa jiwe dogo kwenye kopo.

“Hao wanaosimama pumzi, kwa wote mia nne, wanaweza kuwa wangapi?”

“Mia moja na sitini na kitu.”

“Na sisi ni sabini.”

“Ndiyo, baba.”

“Sasa unataka mimi nikuambie nini?”

“Unachofikiri.”

“Mimi ninafikiri naitaka miaka yangu mitano.” Alisema hivyo bila ukali, kama anayetaja idadi ya vikombe. “Watu wanadhani ukizeeka na kukohoa basi umechoka kuishi. Mimi sijachoka. Maharage haya nataka kuyala, na ya msimu ujao, na ya msimu wa baada ya huo. Hao vijana wana baba zao, wana mama zao, wawahesabie huko waendako.”

Nakijwa aliinama, akaokota punje iliyoanguka.

“Unaona?” mzee alisema. “Hukupaswa kuniuliza. Nikikwambia ukweli unanichukia, nikikudanganya unaniamini. Yote mawili hayaisaidii kazi yako.”

Lakini neno moja la mzee lilimganda Nakijwa: wawahesabie huko waendako. Aliona kama ni njia. Hakuwa na haja ya kuandika. Angewapigia simu wale kumi na wawili walioondoka, mmoja mmoja, awaambie walale na mtu pembeni kwa wiki kumi. Kila atakayepewa cheti angenong'onezwa vivyo hivyo. Vichujio vingebaki ghalani, na mzee angekula maharage yake.

*

Alianza kupiga asubuhi ya Alhamisi. Wa kwanza alikuwa kwa dada yake na shemeji yake, akasema hamna shida. Wa pili alikuwa kambini, wanalala sita chumba kimoja. Wa tatu alidhani anataniwa, mpaka mama yake aliponyakua simu na kusema kwamba naye ameona mtoto anakoroma halafu ananyamaza, na kwamba usiku wa kuamkia jana alimmwagia maji. Nakijwa alikuwa akiweka alama mbele ya kila jina. Mpaka wa kumi na moja, kila mmoja alikuwa na mtu.

Wa kumi na mbili alikuwa msichana aitwaye Emiliana, mpiga chapa, aliyekwenda Babati kuanza maisha.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba, Emiliana. Unalalaje huko?”

“Hm. Nikwambie kweli? Vibaya. Kila nikiamka kichwa kinanigonga kama nimetwangwa. Leo nimeamka niko sakafuni, na sijui nimefikaje. Nimesema labda ni hali ya hewa.”

“Unalala na nani?”

“Nilale na nani, dada? Nimepanga chumba. Niko peke yangu.”

Nakijwa alishika ukingo wa meza. “Huna ndugu Babati? Rafiki? Jirani?”

“Nina siku sita hapa. Jirani namjua kwa ndala zake tu, anaziacha mlangoni.”

“Nisikilize vizuri. Usilale. Usijaribu hata kuegemea. Barakoa yako uliirudisha?”

“Tuliambiwa turudishe.”

“Basi panda basi la saa nne, urudi Naruko leo hii. Nitakuwa kituoni na barakoa. Na njiani usifumbe jicho, Emiliana. Nitakueleza kwa nini, lakini kwanza fungasha.”

Safari ile ilikuwa ya saa saba. Nakijwa alimweleza kila kitu alipokwisha kupanda. Kisha msichana akasema, “Kwa hiyo nimelala siku sita nikijaribu kufa,” akacheka kicheko kibaya.

Mpaka saa saba mchana alikuwa akijibu. Saa saba na nusu simu iliita mpaka ikakatika. Nakijwa alipiga tena. Ikaita, ikakatika. Alisimama, akakaa, akasimama. Alikuwa na fomu kumi na mbili mezani, zote zenye sahihi yake na neno moja, MZIMA, kwa wino wa bluu. Alipiga mara ya tatu.

“Haloo!” ilijibu sauti ya mwanamke, kubwa, na nyuma yake injini ikiunguruma. “Nani mwenzangu?”

“Nakijwa, wa zahanati ya Naruko. Mwenye simu yuko wapi?”

“Yupo hapa ubavuni kwangu. Nimemnyang'anya simu, ilikuwa inamponyoka. Alikuwa anasinzia huyu, mdomo umebadilika rangi, nikamfinya sikio. Ameniambia habari yake. Maajabu gani haya, mwenzangu? Mimi nauza vitunguu, nashuka kituo cha kabla ya huko kwenu, lakini usiwe na hofu, nitafika naye. Nimempa muwa anatafuna. Akiacha kutafuna namfinya.”

“Mungu akubariki, dada yangu.”

“Abariki na huyo aliyempa cheti,” mwanamke alisema, bila kujua anaongea na nani. “Maana huyo naye ana kazi ya kujibu.”

Saa kumi na moja jioni Emiliana alishuka kituoni, sikio limevimba, kipande cha muwa bado mkononi. Nakijwa alimvisha barakoa kwa mikono yake mwenyewe, akakaza mikanda, akampeleka zahanati akamlaza. Akakaa pembeni akitazama kifua kikipanda na kushuka bila kukosea. Mwuza vitunguu alikunywa chai zahanati, akaondoka na basi la kugeuza.

Nakijwa akachukua karatasi, akaanza kuandika taarifa ya kamati. Aliandika kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza ulianza hivi: “Mimi niliyesaini vyeti kumi na viwili vya kundi la kwanza nathibitisha kwamba vyeti hivyo havikuwa sahihi.”

*

Ijumaa Sulle alikuja bila kuitwa. Alisimama mlangoni, mikono mifukoni.

“Nimesikia utaandika tusiende.”

“Nitaandika mwende baada ya wiki kumi.”

“Tarehe kumi na tano ni wiki ijayo.”

“Najua.”

“Dada, mimi nakuomba mimi peke yangu. Waandikie wenzangu chochote. Mimi niandikie mzima. Huko Singida tutalala kambini, nitamwambia mtu anigonge. Mbona wale kumi na mmoja umewaacha hukohuko?”

“Nimewaandika nao. Watarudi, au watapelekewa barakoa.”

“Kwa hiyo hakuna wa kupona mikononi mwako.” Alitabasamu vibaya, macho tu, kama walivyozoea. “Miaka kumi na tisa nimefungwa mdomo. Siku ya kufunguliwa imefika, nawe ndiye unayenifunga. Ningekuwa mwanao ungenifanyia hivi?”

“Ungekuwa mwanangu nisingekuuliza hata maoni.”

Sulle alibamiza mlango alipotoka. Nakijwa hakumlaumu. Nafasi ya reli kweli ilipewa mtu mwingine, na hakuna aliyeweza kumrudishia.

Kamati ilikaa Jumamosi kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Wajumbe wawili walisema vijana wenye nguvu hawawezi kufa kwa kulala. Emiliana akakubali kuvua barakoa na kulala mbele yao, juu ya magodoro mawili katikati ya ukumbi, wajumbe wakiwa wamemzunguka. Alikuwa amechoka mno, akapitiwa mara moja. Katibu wa kamati alikuwa na saa mkononi. Kifua kiliposimama, katibu alianza kuhesabu, na katika sekunde ya thelathini na moja mwenyekiti mwenyewe, aliyekuwa wa kwanza kupinga, alipiga magoti akamtikisa msichana akisema, “Inatosha, inatosha, mwamsheni!”

Walipitisha wiki kumi. Lakini miaka mitano ya wagonjwa hawakutaka iguswe, kwa hiyo wakapitisha na jambo la pili. Kuanzia siku hiyo kila mgonjwa angebadilisha kichujio siku ya tisa badala ya siku ya saba. Daktari Kisamo alipiga hesabu ubaoni: vichujio elfu kumi na nne vilivyobaki vingefika miaka mitano ile ile. Mtu aliuliza siku ya nane na ya tisa, kichujio kikiwa kimeanza kuziba, zitakuwaje; mwenyekiti akafunga kikao.

Nakijwa alimpelekea baba yake habari hiyo mwenyewe.

“Siku tisa,” mzee alisema. Akageukia ukutani.

*

Ukumbi wa shule ulijazwa magodoro. Kila mchana nusu ya vijana walilala, nusu wakakaa pembeni yao wakihesabu kwa midomo. Sulle alipangwa na Emiliana. Wiki ya kwanza hakusema na Nakijwa hata salamu. Wiki ya tatu alimwita, akamwonyesha daftari ambamo alikuwa ameandika sekunde za kila mara pumzi ya Emiliana iliposimama: thelathini, ishirini na tisa, ishirini na sita, ishirini na mbili.

“Inapungua,” alisema.

“Inapungua,” Nakijwa alikubali.

“Na yangu?”

“Yako ishirini na tano. Wewe ni mbishi.”

Nyumbani mambo hayakuwa hivyo. Siku ya saba ya kichujio mzee alikuwa bado yuko sawa. Siku ya nane, tangu asubuhi, alianza kukohoa, kikohozi kifupi kikavu kisichofika mwisho. Siku ya tisa hakutoka kitandani mpaka kichujio kipya kilipowekwa. Hakulalamika, na kutolalamika kwake kulikuwa kugumu kukaa nako nyumba moja.

Katika mzunguko wa tatu, siku ya nane ilipofika, Nakijwa alirudi kutoka ukumbini saa saba mchana, akasikia kikohozi tangu uani. Akaingia chumbani kwake, akafungua boksi lililokuwa juu ya kabati. Wafanyakazi wa zahanati nao walipewa vichujio kumi kila mmoja, kwa kuwa nao walikuwa wamevaa miaka ile yote. Yeye alikuwa hajaanza kujiachisha. Alikuwa akiwahesabia wengine.

Alimkalisha baba yake, akamfungulia kichujio cha zamani, akamfungia kipya. Mzee alivuta pumzi tatu, nne. Mluzi ukapungua.

“Hiki cha nani?”

“Changu.”

“Utavaa nini?”

“Hiki chako nitakimalizia mimi. Mapafu yangu hayana kovu, siku mbili zilizobaki zinanitosha. Na tena leo naanza kulala bila barakoa, saa moja. Nimechelewa.”

Mzee alikaza mkanda wa barakoa yake.

“Nani atakuhesabia?”

“Nitaweka simu iniamshe kila baada ya dakika tano.”

“Simu inaona kifua?”

Mzee Eliakunda alishusha miguu chini taratibu, akaenda jikoni akijishikilia ukutani, akarudi na mwiko wa ugali. Akavuta kiti mpaka karibu na kitanda cha binti yake.

“Nikugonge ikifika ngapi?”

“Ishirini.”

“Ishirini haraka. Yule kijana wako ulisema alifika thelathini na nane.”

“Baba, ishirini.”

“Haya. Ishirini. Lala.”

Alivua barakoa. Hewa ya chumbani ilimgusa midomo, ya baridi kuliko alivyokumbuka, na akaona haya ile ile aliyoizoea kwa wengine, akageuza uso kidogo. Alimsikia mzee akihesabu taratibu kila alipomaliza kutoa pumzi: moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu, nne. Akakohoa, akapoteza hesabu, akaguna, akaanza tena moja.

Alipofumbua macho, jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili. Mzee alikuwa amekaa vile vile, mwiko mapajani.

“Saa imekwisha?”

“Imekwisha na dakika kumi juu.”

“Na mimi? Nilisimama?”

“Nimekugonga mara sita,” mzee alisema. “Hukusikia?”

Nakijwa alijigusa bega. Lilikuwa linauma kidogo.

“Sikusikia, baba.”

Mzee aliinuka kwa shida, akauegemeza mwiko kichwani mwa kitanda, mahali ambapo mkono wake ungeufikia kwa urahisi.

“Kesho tena,” alisema. “Saa saba. Mimi nitakuwa hapa.”